Medali ya Mpanda Farasi

Kufuli lilikuwa zima. Ufunguo ulikuwa unaning'inia shingoni mwa mwenye mali. Medali haikuwemo sandukuni.

Inspekta Msaidizi Symphorien Karangwa aliinama juu ya sanduku la bati lililowekwa kitandani, mikono ameifunga nyuma. Ndani aliona kofia ya askari iliyoliwa na nondo na kitambaa chekundu chenye alama ya duara, mahali ambapo kitu kizito kilikuwa kimelala miaka mingi.

"Uliiona mara ya mwisho lini, Papa Hubert?"

"Yenga, ile Jumapili asubuhi, mbele ya kwenda misa. Mvua ilikuwa inanyesha, nikasema isilowe. Nikafunga. Kisha ya misa nikafungua, hakuna kitu."

"Na ufunguo?"

"Hautokake shingoni. Hata nikioga."

Hubert Kanyamibwa alisema hayo akiwa amesimama wima, fimbo mkononi, mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Alikuwa amekwenda vita ya Abisinia na jeshi la koloni, kwa miguu kama askari wengine. Huko wakawateka Waitaliano pamoja na farasi wao, na vijana wachache warefu wakachaguliwa kuwapanda farasi hao. Hubert akawa mpanda farasi. Watu wa kwao Masisi hawakuwa wamewahi kumwona mnyama huyo. Aliporudi walimwuliza kama farasi anakamuliwa. Farasi wake alipigwa risasi akamwangukia, akalivunja paja lake vipande vipande. Kwa hiyo alirudi na mguu mbovu na medali, na tangu siku ile aliivaa kanisani, aliivaa sokoni Sake, aliivaa hata akipalilia maharage. Majirani walisema, wakiwa mbali naye, kwamba huivaa na chooni.

Sasa ilikuwa mwaka wa 1959, na Jumamosi iliyokuwa inakuja Hubert alikuwa anamwoza binti yake Epiphanie. Msimamizi wa wilaya mwenyewe alikuwa amealikwa. Medali ya Mfalme kuibwa wiki kama hiyo! Bula Matari, serikali ya Wabelgiji, halali kitu chake kikiguswa, ndiyo maana Karangwa alikuwa ametolewa Goma mbiombio.

"Unamshuku nani?"

Hubert hakupepesa macho. "Muke yangu."

"Mkeo aibe medali yako aipeleke wapi?"

"Ampe mwanaume yake. Kuko mwindaji wa Kibua, kule Walikale, jina Athanase. Analetaka nyama kavu kwa Françoise. Nani analetaka nyama bure kwa muke ya mwenzake? Ile yenga sisi wote tuko misa, ye alikuwa hapa. Inspekta, nisikilize. Siku ya harusi ikifika sina medali, Françoise anarudi kwao Walikale. Watoto wanabaki. Nimesema."

Karangwa alimwamini papo hapo. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wake. Alikuwa mpelelezi hodari, lakini alikuwa na wivu wa kupindukia; kule Goma mkewe Elisabeth hakuweza kununua chumvi bila kuulizwa aliyeiuza ana umri gani. Mtu wa namna hiyo akimsikia mwenzake analalamika juu ya mke, hasikii maneno, anasikia wimbo anaoujua.

Koplo Sebarenzi, dereva na msaidizi wake, alilizungusha sanduku polepole. "Inspekta, angalia nyuma."

Misumari ya bawaba ilikuwa na mikwaruzo mipya inayong'aa. Mtu alikuwa ameing'oa, akafungua sanduku kwa mgongo, kisha akairudisha misumari mahali pake. Karangwa alinyunyiza unga wa kuchukulia alama za vidole. Alipata za Hubert na za Françoise tu, na Françoise ndiye aliyekuwa akilifuta vumbi. Mwizi alikuwa ameshika kwa kitambaa.

"Huyu alikuwa na nafasi ya kutosha," alisema Sebarenzi. "Na aliijua nyumba."

"Mke anaijua nyumba," alijibu Karangwa.

Alimkuta Françoise jikoni akichambua maharage ya harusi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ndogo, asiyeinua macho haraka. Karangwa alikaa kwenye kigoda mbele yake.

"Mama, wewe na Papa Hubert mmeoana tangu lini?"

"Mara ya kwanza ao mara ya pili?"

"Ziko mara mbili?"

"Alinioaka. Kisha akakufa. Kisha akarudi." Aliendelea kuchambua. "Wakati ya vita, habari ilikuja: Hubert amekufa kule Abisinia. Maiti haikuko. Ukoo wakakata mugomba, wakauzika nyuma ya nyumba sawa muntu. Tukanyoa vichwa. Kisha wakanipa kwa mudogo yake, Paul, njo alikuwa mwenye kurizi muke ya kaka yake. Epiphanie akazaliwa pale. Mutoto anaanza kutembea, camion ya askari ikasimama barabarani, Hubert akashuka na fimbo na medali. Alikuwa mugonjwa hospitali ya Khartoum ule wakati wote."

"Ikawaje?"

"Wazee wakakaa. Wakasema muke ni wa mukubwa. Mutoto pia. Wakamwambia Paul achimbue ule mugomba, autupe mutoni, juu kaka yake iko muzima. Njo desturi."

"Akautupa?"

"Njo vile alisema."

Ukweli ulikuwa umewekwa mapajani mwake kama mtoto, naye Karangwa hakuupakata. Kichwani mwake mlikuwa na mwindaji tu.

"Athanase alikuja Jumapili?"

"Alikuja. Akaacha nyama, akakunywa maji, akaenda. Ni mutoto wa mama yangu mukubwa, Inspekta. Ni ndugu."

"Kila mwanamke ana ndugu wa namna hiyo."

Françoise aliinua macho mara moja, akayashusha. Akarudi kwenye maharage yake, na Karangwa aliliandika jambo hilo kichwani kama dalili ya hatia.

Kabla ya kuondoka alizungumza pia na huyo Paul. Alimkuta uani akipigilia benchi za wageni; mtu mpole, mfupi, mwenye koti la kanisani lililoangikwa kwenye tawi ili lisichafuke. Tangu Hubert arudi, Paul ndiye aliyekuwa akimlimia, ndiye aliyemjengea nyumba, na hakuoa tena. Mtaa mzima ulimsifu. Jumapili alikuwa kanisani, watu walimwona. Karangwa alimwuliza maswali mawili, naye akajibu akimwita kaka yake 'mukubwa' tu; Karangwa akampa sigara.

Njia ya kwenda Walikale inashuka kutoka kwenye vilima vya ng'ombe na baridi mpaka ndani ya msitu, na lori la polisi lilikwama matopeni mara kadhaa. Sebarenzi alisukuma, akasukuma tena, hatimaye uvumilivu ukamwishia.

"Inspekta, unisamehe. Unamfuata huyu mwindaji sababu ameiba, ao sababu ungekuwa Hubert ungemfuata?"

"Endesha gari, Koplo."

"Naendesha. Lakini wazee walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kiko Kibua."

Athanase walimkuta Kibua, nyuma ya nyumba yake akikausha nyama ya ngiri juu ya moshi. Hakukimbia. Aliziangalia pingu kana kwamba ni mtego wa mtu mwingine.

"Jumapili ulikuwa kwa Hubert Kanyamibwa," alisema Karangwa.

"Nilikuwa."

"Uliingia chumbani."

"Mimi niingie chumba ya shemeji? Nilikaa jikoni. Nilikunywa maji."

"Medali iko wapi?"

"Medali gani? Ile yake? Nifanye nayo nini, niwavalie nguruwe wa pori?"

Sebarenzi alicheka. Karangwa hakucheka.

"Ulimwona nani mwingine pale?"

Athanase alijikuna shingo, akaonekana kuona haya. "Kuko muntu nilionaka, lakini si kitu ya kusema."

"Sema."

"Wakati ya kutoka, nilipita nyuma ya nyumba, kwa migomba. Muntu alikuwa amechuchumaa kule. Nikasema, aa, iko anajisaidia. Nikageuza uso, nikakohoa, nikapita. Muntu mwenye adabu haangaliake mwenzake namna ile."

"Alikuwa nani?"

"Sikuangalia, nakuambia! Mugongo tu. Alikuwa amevaa koti."

"Koti Jumapili kila mwanaume anavaa."

"Basi njo hivyo. Lakini misa ilikuwa haiyaisha. Kengele haiyalia."

Karangwa alimfunga pingu hata hivyo. Mtu aliyekuwa amechuchumaa migombani alimwona kuwa hadithi ya kujiokoa. Wivu una ukaidi wake: ukishachagua adui, unaona aibu kumwacha.

Wakati wa kurudi walisimama misheni, kwa kuwa Epiphanie alikuwa huko wiki hiyo akifundishwa mambo ya ndoa na masista. Alikuwa msichana mchangamfu, mwenye pua fupi na pengo kati ya meno ya mbele. Alipomwona mjomba wake amefungwa pingu alishika mdomo.

"Mjomba Athanase? Hapana, Inspekta. Hapana kabisa."

"Jumapili wewe ulikuwa kanisani. Nani hakuwepo?"

"Mama tu. Sisi wote tulikuwa." Alifikiri. "Ila baba mudogo Paul alinishangaza. Hakukomunika."

"Hakupokea komunyo?"

"Ye haikosake hata yenga moja. Tangu nikiwa mutoto tunaendaka pamoja, anasimama nyuma yangu. Ile yenga nilimutafuta wakati ya kupokea, hakuko. Kisha nikamuona kule mulangoni, amesimama, mikono katika mifuko. Nikafikiri iko mugonjwa. Nilimuuliza, akaniambia tu, 'Roho yangu haiko safi leo.'"

Karangwa alishukuru, akarudi garini polepole. Aliiona tena pua ile fupi ya msichana na pengo lile la meno. Alikuwa ameviona uani, kwenye uso wa Paul, alipokuwa akimpa sigara. Alijisikia mjinga, na kwa kweli alikuwa mjinga.

"Mfungue," alimwambia Sebarenzi.

Koplo aliufungua mkono wa Athanase akipiga mluzi. Kwa heshima ya cheo hakuongeza neno, ingawa alikuwa nalo.

Huko Masisi walikuta Hubert hakusubiri Jumamosi. Vyungu vya Françoise, mikeka yake, jembe lake na nguo zake zilizokunjwa vilikuwa vimetolewa nje na kupangwa kwenye tope. Françoise mwenyewe alikuwa amekaa juu ya mkeka mmoja, mgongo ukiielekea nyumba. Majirani walikuwa wamejipanga kwenye ua wakisema lisemwalo lipo. Karangwa alivitazama vyungu vile, akamwona Elisabeth wake, akajichukia kwa mara ya kwanza katika ndoa yake yote.

Paul alikuwa bado anapigilia benchi. Kila dakika alimtazama Françoise, kisha msumari, kisha Françoise.

"Papa Paul, weka nyundo chini. Jumapili ulitoka kanisani wakati gani?"

"Sikutoka."

"Wakati wa komunyo hukuwepo."

"Tumbo ilikuwa inaniuma."

"Tumbo ao roho?"

Paul aliokota msumari mwingine.

"Unampenda kaka yako?"

"Namufanyia kazi. Namulimia."

"Nimeuliza unampenda. Basi mtaje kwa jina lake."

"Juu ya nini nimutaje? Iko pale, unamuona."

"Nani iko pale?"

"Yule. Mukubwa."

"Jina lake."

Jasho lilimtoka Paul kwenye paji la uso, na baridi ilivyokuwa. Hubert alisogea, fimbo ikichimba tope, akamtazama mdogo wake kama mtu anayekumbuka jambo. "Kweli," alisema taratibu. "Tangu nirudi, hujaniitaka jina. Hata siku moja."

Karangwa aligeukia Françoise. "Mama, katika ukoo huu, mtu akifa, jina lake linatajwa?"

"Hapana," alisema Françoise kutoka mkekani. "Mpaka mwenye kurizi aondoe matanga. Jina ya maiti ni ya kuogopa."

"Na matanga haya yangeondolewa namna gani?"

"Kwa kuchimbua ule mugomba."

Karangwa alichukua jembe la Françoise lililokuwa kwenye tope, akampa Paul.

"Twende. Unajua mahali."

Nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, palikuwa na kituta kirefu kama mtu aliyelala. Kilikuwa kimepaliliwa vizuri, na pande zote kilipandwa maua. Hubert alikuwa amekipita miaka yote akidhani ni kitalu cha mboga kilichoshindwa. Alikuwa ameambiwa kwamba mgomba uliozikwa badala yake ulitupwa mtoni, na nani atake kuulizia kaburi lake mwenyewe? Upande wa kichwa udongo ulikuwa mbichi.

Paul alipiga jembe mara chache tu. Leso ya Paul ya kwendea kanisani ilitokeza, na ndani yake medali, utepe umelowa.

Sebarenzi aliipokea. Hubert alinyoosha mkono, Karangwa akamzuia.

"Ni ushahidi. Ngoja." Kisha akamgeukia Paul. "Kwa nini hukuuchimbua ule mgomba miaka ile yote?"

Paul alikuwa bado ameinama. Alipoanza kusema, sauti yake haikuwa ya mtu mpole tena.

"Juu ningeuchimbua, angekuwa muzima."

"Na Jumapili?"

"Padri alisoma matangazo ya ndoa. Akasema, Epiphanie, mutoto wa..." Alishindwa na jina. "Mutoto wake. Mbele ya watu wote. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mutoto, Inspekta, naangalia shingo yake. Nilimubeba ile shingo. Alipoumwa surua nani alikesha naye? Camion ikasimama barabarani, siku moja, nikawa baba mudogo katika nyumba yangu mwenyewe. Wakaniambia, angalia, ana medali, amemwagia Mfalme damu. Mimi nilikuwa na nini? Nilikuwa na muke na mutoto. Wakampa hao pia."

"Ungeipeleka wapi medali?"

"Popote! Sikuitaka. Nilitaka akae kwa kiti siku ya kupokea ng'ombe, kifua tupu. Mara moja tu. Batu waache kuangalia ile chuma, waangalie sura ya mutoto, kisha sura yangu, kisha yake. Ni ile tu nilitaka."

"Na walipomshuku Mama Françoise? Ukaviona vyungu vyake vinatolewa?"

Hapo Paul aliuficha uso. "Nilifikiri," alisema, "akimufukuza, hatakuwa wake tena."

Karangwa alimfunga pingu.

Hubert alikuwa amesimama juu ya kaburi lake mwenyewe. Wote walingoja apige kelele. Hakupiga. Alicheka kicheko kikavu.

"Unafikiri mimi sikuonaka?" alimwambia mdogo wake. "Mutoto akicheka, ni wewe. Akikasirika, ni wewe. Unafikiri juu ya nini naivaa hata shambani? Batu waangalie kifua. Wasimuangalie ye." Alipumua kwa nguvu. "Chukua mutu yako, Inspekta. Akae gerezani mpaka harusi ipite. Na ile medali nataka mbele ya Jumamosi."

Kisha aligeuka kwa fimbo yake, akamwona Françoise ambaye alikuwa amewafuata na kusimama kwenye mgomba wa kwanza. Sauti yake ililegea, kama ya mtu aliyeshinda kesi na sasa anataka kuwa mwema.

"Mama Epiphanie, rudisha vyombo ndani. Nilikosa. Ni kwisha."

Françoise hakusogea.

"Siku ulishuka kwa camion," alisema, "nililia. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Kila muntu anakumbuka. Ulilia mpaka ukaanguka chini. Hata wazee walisema, angalia muke mwenye kupenda bwana yake."

"Njo vile walisema," alisema Françoise. "Mimi hakuna muntu aliniulizaka nililia juu ya nini."

Françoise alikuwa hamtazami Hubert wala Inspekta. Alisema atabaki mpaka Epiphanie aolewe, alale jikoni, kisha Athanase amsindikize Kibua; alisema kama mtu anayepanga kazi za kesho. Halafu akainama, akachukua jembe lake kutoka kaburini, akalipangusa udongo kwa nyasi na kuondoka.

Karangwa alimshika Paul mkono amwongoze garini. Mfungwa alikuwa ameinua kichwa. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni, na pengo la meno yake ya mbele lilikuwa linaonekana lote, kwa sababu alikuwa anatabasamu. Hubert Kanyamibwa, mpanda farasi, alikuwa amesimama pale pale, na alikuwa anamwona.